Gari la Kifahari Lililozeeka na Haki Zake



Wasomaji wetu watukufu, akina mama, akina baba na vijana wetu, wiki hii twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona ni la gereji wala si la ukurasa wa familia. Lakini tumeulizwa juu yake mara nyingi, na wengi wa waulizaji ni akina mama, hata tukaona kulinyamazia si uungwana. Jambo lenyewe ni gari la kifahari lililozeeka: lile Mercedes, BMW au Range Rover ambalo zamani lilikuwa la mawaziri na matajiri, na leo lauzwa kwa bei ya gari dogo la kawaida. Baba huliona akarudi nyumbani na uso wa furaha. Mama hulisikia akaanza kuhesabu karo. Je, gari hili ni neema au ni mtego? Jawabu letu ni kwamba laweza kuwa lolote kati ya hayo mawili, na kinachoamua ni hesabu ya nyumba inayolinunua.

KWA NINI HUWA RAHISI

Kwanza tufahamu urahisi huo watoka wapi. Gari la kifahari hupoteza thamani kwa kasi katika miaka yake ya mwanzo, na hasara hiyo kubwa huibeba yule aliyelinunua likiwa jipya. Hapa kwetu Kenya, sheria hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka 8, na ushuru hutozwa kwa kuangalia thamani ya gari na ukubwa wa injini yake. Kwa hivyo gari likishapita umri huo, hakuna tena la rika lake linaloshuka bandarini Kilindini. Yaliyopo sokoni ni yale yale yaliyomo nchini, yaliyokwisha kupita mikono miwili, mitatu au minne. Kila mkono umelitumia, na si kila mkono umelitunza. Wanunuzi wengi huyaogopa kwa sababu ya gereji, na hofu yao ndiyo inayozidi kuishusha bei.

Hapo ndipo penye siri ya mambo yote. Bei ya gari hushuka kila mwaka, lakini bei ya viungo vyake haishuki pamoja nayo. Tuchukue mfano wa gari lililouzwa kwa shilingi milioni 8 likiwa jipya, kisha likaja kuuzwa kwa laki 6. Gari hilo halikugeuka kuwa gari la laki 6. Ni gari la milioni 8 lililozeeka. Rejeta yake, breki zake na giaboksi yake bado ni za gari la milioni 8, na fundi anayelijua vyema hutaka ujira wa fundi wa gari hilo. Mwenye kulifahamu neno hili kabla ya kununua amekwisha kujiepusha na nusu ya majuto.

FURAHA YAKE

Insafu yatutaka tuseme pia uzuri wake, maana watu hawakulipenda gari hili bure. Sisi wenyewe kwa miaka 14 sasa tumekuwa na gari la Mercedes lililotengenezwa mwaka 1990, la umbo lile ambalo mafundi huliita W124, lililoanza kuundwa mwaka 1984. Mlango wake ukifungwa hutoa sauti moja nzito na iliyotulia. Viti vyake havichoshi mgongo. Wazee wetu tumewachukua Mombasa hadi Malindi, wakashuka bila kushika viuno. Injini yake huzungushwa kwa cheni ya chuma, na kwa kiasi kikubwa gari zima liliundwa ili fundi aweze kulifungua, kulitengeneza na kulifunga tena. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa, na kwa gari hili uundaji waonekana.

Na kuna furaha ya mtaani. Kila msimu wa harusi tunajiwa na majirani: "Sheikh, twaomba gari la kumchukulia bi harusi." Hulioshwa, likafungwa utepe mweupe, likaenda zake na vigelegele nyuma yake. Gari la miaka zaidi ya 30 limewapa mabinti wetu wengi siku ya fahari bila ya wazazi wao kukodi kitu. Hiyo nayo ni faida, ingawa haiandikwi katika daftari.

Magari haya pia ndiyo yaliyotangulia kuleta mambo mengi ya usalama ambayo leo twayaona ni ya kawaida. Breki za ABS, zinazozuia magurudumu kukwama dereva anapokanyaga kwa ghafla, ziliingia katika Mercedes kubwa ya S-Class mwaka 1978. Miaka michache baadaye gari hilo hilo likawekewa mfuko wa hewa wa kumkinga dereva. Lakini tusidanganyane: kilichokuwa cha ajabu wakati ule sasa kimo hata katika magari madogo, na gari letu la 1990 halina mfuko wa hewa hata mmoja. Mama anayechukua watoto shuleni kila siku ana haki ya kuuliza: je, gari dogo la miaka ya karibuni, lenye mifuko ya hewa na mikanda mizima, halitawakinga wanangu zaidi ya fahari hii ya zamani? Mara nyingi jawabu la kweli ni ndiyo.

SI KILA UZEE NI MMOJA

Wengi hukosea kwa kudhani kwamba gari la kifahari lililo jipya kidogo ndilo salama zaidi kwa mfuko. Mambo huwa kinyume. Magari mengi ya miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990 yalisimama juu ya springi za chuma. Yaliyofuata yalijazwa kompyuta, waya na mitambo ya hewa, na mitambo hiyo ikizeeka haina huruma.

Tutaje mifano. Hata katika hizo Mercedes za W124, zile za miaka ya mwisho ya kutengenezwa kwake zilifungwa waya za injini zenye ngozi isiyostahimili joto; ngozi hiyo hukatika na kumomonyoka, waya zikagusana. Ile Mercedes ya E-Class iliyotoka mwaka 2002 ilikuwa na breki zinazoendeshwa kwa umeme. Kompyuta yake huhesabu mara ambazo breki zimekanyagwa, na hesabu ikitimia huwasha taa ya onyo ya kutaka mtambo ubadilishwe, na mtambo huo si wa bei ya mboga. Range Rover iliyoanza kuuzwa miaka ya mwanzo ya 2000 husimama juu ya mito ya hewa mahali pa springi; mpira wa mito hiyo ukipasuka, gari hulala upande. Na magari mengi ya BMW ya miaka ya 1990 na 2000 yana viungo vya plastiki katika mtambo wa kupoza injini. Plastiki hiyo hukauka, ikapasuka siku ambayo hukuitarajia, na injini ikichemka mara moja tu yaweza kuharibika kabisa.

Kwa anayetaka utulivu wa gari la kifahari bila maumivu mengi, wako Wajapani. Toyota Crown, kwa mfano, ni gari la kifahari, lakini vyombo vyake vingi vinaoana na vile vya Mark X iliyojaa katika barabara zetu, na spea zake hupatikana bila kungojea meli. Haina jina kubwa kama Mercedes, lakini jina halilipi karo.

HESABU YA NYUMBA

Twaijua nyumba moja, hatutaitaja. Baba alinunua gari kubwa la kifahari lenye mito ya hewa kwa shilingi 850,000, akiba yao yote. Miezi minne walitembea nalo, na watoto wakajivuna shuleni. Asubuhi moja walitoka wakalikuta limelala chini kama ngamia aliyepiga magoti. Mito na pampu yake ilikadiriwa karibu laki 3. Zikakopwa. Baada ya mito likafuata giaboksi. Karo za watoto wawili zikachelewa, na hatimaye bangili za mama, dhahabu aliyopewa kwa mahari, zikaenda sokoni. Hivi leo gari liko chini ya mwembe, limeota majani, na dhahabu haijarudi.

Hapa twataka kusema wazi, maana ndilo jambo lililotusukuma kuandika. Dhahabu ya mke ni mali yake yeye, si mfuko wa akiba wa gereji. Mume hana haki ya kuigusa bila ya radhi yake ya kweli, na radhi ya kweli si ile ya mwanamke anayekubali kwa kuogopa ugomvi. Akikubali kukopesha, basi ni deni, na liandikwe kama madeni mengine yanavyoandikwa.

Sasa tufanye hesabu. Kwanza mafuta. Bei yake hutangazwa upya na EPRA tarehe 14 ya kila mwezi, basi kwa mfano tukadirie lita moja ni shilingi 180. Gari la injini kubwa ya silinda sita laweza kula lita 14 kwa kilomita 100 za mjini, na gari dogo likala lita 7. Familia inayotembea kilomita 1,000 kwa mwezi itatumia lita 140 kwa lile kubwa na 70 kwa lile dogo. Tofauti ni lita 70, nazo ni shilingi 12,600 kila mwezi, kabla fundi hajagusa hata parafujo moja.

Pili ni matengenezo. Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hivyo gari letu lina daftari lake. Katika miezi 12 iliyopita limeandikwa hivi: kubadilisha mafuta ya injini na vichujio mara tatu, 24,000, bushi na viungo vya mbele, 18,500, mipira ya rejeta na kidhibiti joto, 9,500, betri, 14,000, pedi za breki, 7,000, ujira wa fundi, 16,000. Jumla ni shilingi 89,000, yaani kama 7,400 kwa mwezi, bila ya mafuta wala bima. Na huo ni mwaka mwema, wa gari linalojulikana na fundi anayeaminika. Anayenunua gari lililopuuzwa ajitayarishe kwa mwaka wa kwanza ulio mzito zaidi ya huo, maana atalipa deni la matunzo ambalo wenye gari waliotangulia walikataa kulilipa.

Tatu ni bima. Kampuni nyingi husita kutoa bima kamili kwa gari lililozeeka sana, na mwenye gari hubaki na ile ya lazima, inayomlipa mtu wa tatu. Gari likiibwa au likigonga ukuta, hasara ni ya nyumba. Basi bei yake isizidi kiasi ambacho nyumba inaweza kukipoteza bila kuanguka.

HAKI ZA GARI HILI PWANI

Mwenye kufuga mnyama hulazimika kumlisha na kumnywesha, na gari kuukuu nalo lina haki zake. Kwetu Pwani haki hizo zimezidi, kwa sababu ya jua, unyevu na chumvi.

Haki ya kwanza ni maji yake ya rejeta. Wengi wetu tuna visima vyenye maji ya chumvi, na kijana wa nyumbani huchota ndoo akamimina. Maji hayo hula chuma cha injini na kuziba njia za rejeta. Gari lipewe dawa yake maalumu ya kupozea, iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, na ibadilishwe kwa wakati wake. Mwenye kuendesha aitazame mishale ya joto. Ukipanda, asimame hapo hapo na kuzima injini, asiseme "nitafika tu".

Haki ya pili ni mwili wake. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na anayevuka Likoni kila siku huirudia chumvi hiyo asubuhi na jioni. Gari lioshwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, na chini ya gari kuoshwe pia, si juu tu panapoonekana na watu. Kidonda cha kutu kikwanguliwe na kupakwa rangi kingali kidogo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Haki ya tatu ni tairi zake. Gari la kifahari ni zito na lina mbio, na tairi iliyozeeka hupasuka hata kama meno yake bado ni marefu. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne za tarehe: mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi iliyoandikwa 2319 ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Akina mama, someni tarakimu hizo kabla ya watoto kupanda kwa safari ndefu, hazihitaji fundi.

Haki ya nne ni fundi mmoja anayelijua. Fundi wa kubahatisha hubadilisha kiungo kimoja baada ya kingine kwa pesa zenu, mpaka aupate ugonjwa. Fundi mjuzi hupima kwanza, kwa macho, kwa masikio na kwa kompyuta ya uchunguzi. Kabla ya kununua, mlipeni aliangalie gari siku nzima. Elfu chache alizozipata siku hiyo huokoa malaki.

Haki ya tano ni mfuko wake. Kila mwezi kiwekwe kiasi maalumu kwa ajili yake, hata mwezi ambao halikuharibika. Sisi huweka shilingi 8,000. Mwaka ukipita salama kinachobaki hungojea kubwa litakalokuja, kwani litakuja. Nyumba isiyoweza kuweka kiasi hicho bila kugusa chakula, karo na kodi, haijawa na uwezo wa gari hili, hata kama yaweza kulilipia bei yake leo.

MASHAURIANO KABLA YA FUNGUO

Twawaomba akina baba: msilete gari nyumbani kama zawadi ya ghafla. Kaeni na wake zenu kabla ya kulipa, muweke daftari mezani, muandike mapato, karo, kodi, dawa za wazee, kisha mafuta, bima na ule mfuko wa matengenezo. Kama hesabu yakaa, nunueni kwa raha, na hakuna atakayemlaumu mwenziwe siku gari litakapokwama Mtwapa. Kama haikai, bora ijulikane mezani kuliko barabarani.

Na akina mama nao twawaomba: msiidharau furaha ya mwanamume aliyelipenda gari tangu utotoni. Si kila anayelitaka anataka kujionyesha. Wako wanaopenda kazi ya mikono iliyotimia, na Jumapili anayoimaliza baba chini ya gari lake, na kijana wake akimpitishia spana, yaweza kuwa ni darasa jema. Kijana wetu wa pili alijifunza subira hapo zaidi ya alipohimizwa kwa maneno. Swali la kuuliza ni: "Nani atalilisha, na kwa chakula cha nani?"

SIKU YA KULIUZA

Neno letu la mwisho ni la siku ya kuliuza, maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Gari linasumbua, na mwenye gari husema moyoni: nimtafutie wa kumwangushia. Taa ya onyo hutolewa balbu isiwake. Kipimo cha kilomita hurudishwa nyuma. Injini hutiwa mafuta mazito ili isipige kelele siku ya kuonyeshwa. Dalali huapa, na maskini mmoja aliyekusanya akiba ya miaka hubeba balaa kwenda nayo kwa watoto wake.

Katika sheria ya biashara tuliyosomeshwa, kuificha aibu ya bidhaa ni haramu, na mnunuzi akigundua aibu iliyokuwapo kabla ya kuuziwa ana khiyari ya kuirudisha. Basi mwambieni mnunuzi kila mnachokijua. Mpeni lile daftari pamoja na kitabu cha gari. Aone mlichobadilisha na kilichobaki. Huenda mkapunguziwa elfu hamsini, lakini mtakaa mtaa mmoja naye, mkasalimiana msikitini bila ya mmoja kumkwepa mwenziwe. Na daftari safi mara nyingi hupandisha bei kuliko rangi mpya, kwani mnunuzi mwenye akili hununua matunzo kabla ya kununua gari.

Mwenyezi Mungu azibariki riziki zetu, azilinde safari zetu na za watoto wetu, na atupe macho ya kutofautisha kilicho rahisi na kilicho nafuu. Amin.